Mashimo Meupe Kwenye Slaidi za Ini

Ukiwekewa slaidi ya ini lenye mafuta mengi chini ya hadubini, unachokiona si mafuta. Unaona mashimo. Seli zimeshika rangi ya waridi na zambarau, viini vyake vimesukumwa pembeni, na katikati ya seli pana duara jeupe, safi, lisilo na kitu ndani. Daktari wa patholojia anayapima maduara hayo kwa jicho, anaandika kwamba asilimia fulani ya seli zina mafuta, na mgonjwa anapata majibu yake. Mafuta yakionekana katika asilimia 5 ya seli za ini au zaidi, tunasema ini limeingia mafuta. Lakini mafuta yenyewe hayapo kwenye kioo. Sisi wa maabara tumekwisha kuyaondoa.

Nafanya kazi ya histolojia hapa Kisumu. Kazi yangu ni kuchukua kipande cha mwili wa mtu na kukifanya kisomeke. Ninaipenda kazi hii, na ndiyo maana nimeamua kuandika kuhusu jambo linalonikera ndani yake: tumezoea kusoma mafuta ya mwili kwa pengo yanaloliacha. Siku hizi ipo njia ya kuyasoma yenyewe, yakiwa mahali pake, kwa mwanga tu, bila rangi wala dawa. Na naamini magonjwa ya upande huu wa ziwa yana haja kubwa na njia hiyo.

Nianze na jinsi mafuta yanavyopotea. Sampuli ikitoka chumba cha upasuaji inaingia kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi tishu isioze. Kisha tunaipitisha kwenye alkoholi, kuanzia ile iliyochanganywa na maji hadi ile kali kabisa, ili maji yatoke. Inafuata zailini, ya kutoa alkoholi. Mwisho inazama kwenye nta iliyoyeyuka kwa joto la nyuzi 60 hivi. Nta ikiganda tunapata kibonge kigumu, na mikrotomu inakikata vipande vyembamba vya maikromita 3 au 4, vinavyoelea juu ya maji ya vuguvugu kabla hatujavinasa kwa kioo. Njia hii ni imara. Kibonge hukaa miaka na miaka, kinasafirishwa kwa basi hadi Nairobi bila barafu, na hospitali yoyote ya kaunti inaweza kuimudu. Ila alkoholi na zailini ni viyeyushio vya mafuta. Kufikia hatua ya nta, tone la mafuta lililokuwa ndani ya seli limekwisha kwenda na zailini kwenye chombo cha taka.

Anayetaka kuyaona mafuta analazimika kukata tishu ikiwa imegandishwa. Hapo tunatumia kriostati, mashine ya kukata iliyo ndani ya sanduku la baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Kwa ini inatosha. Kwa mafuta haitoshi, na wanafunzi wanaokuja mafunzoni huwa nawaonyesha jambo hili kwa mbuta, yaani sangara. Ninapita mtaa wa Obunga, kwa kina mama wanaokaanga mgongo wazi, yale mafupa ya mbuta yanayobaki viwanda vikishachukua minofu. Siku moja nilimwuliza mama mmoja anakonunua mafuta ya kukaangia, maana karai lake lilikuwa limejaa. Akanijibu, “Sinunui, dada. Haya yametoka tumboni mwake. Mbuta anajikaanga mwenyewe.” Akanipa bonge la mafuta ya tumbo, la manjano, laini, lililokuwa linaanza kulainika zaidi mkononi kwa lile joto la saa nane mchana.

Bonge hilo ukiliweka kwenye kriostati ya nyuzi 20 chini ya sifuri haligandi likawa gumu. Linajipaka kwenye wembe, kipande kinajikunja, na ukijaribu kukinyoosha kwa brashi kinachanika. Ni mpaka ushuke hadi nyuzi 30 chini ya sifuri au zaidi, na ukubali kipande kinene, ndipo kinapokatika vizuri. Halafu unakipaka Oil Red O, rangi inayopenda kukaa ndani ya mafuta kuliko ndani ya kiyeyushio kinachoibeba. Ukiangalia sasa, matone yanawaka mekundu. Kila mwanafunzi anayeyaona kwa mara ya kwanza hunyamaza kidogo, kisha anauliza mbona hatufanyi hivi kila siku. Ni swali zuri. Hatufanyi kwa sababu kipande hicho hakidumu, kinahitaji mtu aliyekaa tayari sampuli ikifika, na umeme ukikatika baridi inaondoka na kazi yote inaharibika.

Hata tukifaulu, rangi ina mipaka yake. Rangi za ukoo wa Sudan, ambamo Oil Red O nayo imo, zimetumika kutafuta mafuta ya mwili tangu 1896, na bado zinatuambia jambo lile lile moja: hapa pana mafuta. Hazisemi ni mafuta gani. Na kile kiyeyushio kinachobeba rangi kinaweza kuyasogeza matone, au kuyaunganisha madogo yakawa makubwa, ukahesabu ukubwa ambao haukuwepo mwilini.

Mfano unaonisadikisha zaidi unatoka kwa mnyoo. C. elegans ni mnyoo wa udongoni, urefu wake milimita 1 hivi, mwili wake unapitisha mwanga, na maabara nyingi duniani humtumia kuchunguza jeni. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walichapisha kazi kubwa sana: walizima jeni zaidi ya 16,000 za mnyoo huyo, moja baada ya nyingine, wakipima mafuta yake kwa kumlisha rangi iitwayo Nile Red. Panapong’aa, pana mafuta. Mwaka 2007 kundi jingine lilimwangalia mnyoo kwa leza bila kumlisha rangi yoyote, likakuta akiba ya mafuta iko kwingine kabisa, si pale rangi inapong’aa. Kufikia 2009 ilikuwa wazi kwamba Nile Red, mnyoo akilishwa akiwa hai, inajikusanya kwenye vijifuko vya seli za utumbo vinavyohusika na kuvunjavunja takataka za seli, huku ghala lenyewe la mafuta likibaki bila kuguswa. Waliofanya kazi ya 2003 walikuwa watu makini na walifuata njia iliyoaminika wakati huo. Hilo ndilo linalonifanya niichukulie rangi kwa tahadhari hata kwenye meza yangu.

Sasa mwanga. Molekuli ya mafuta ni mkia mrefu wa atomu za kaboni, na karibu kila kaboni katika mkia huo imeshika hidrojeni mbili. Atomu hizo hazitulii. Zinavutana na kuachiana mara trilioni 85 hivi kwa kila sekunde. Mtu aliyekulia kwenye nyatiti atanielewa haraka: nyuzi ni 8, na mpigaji akiwa amefumba macho anajua ni uzi upi umeguswa, kwa kuwa kila mmoja una sauti yake kulingana na uzito wake na ulivyokazwa. Muunganiko wa kaboni na hidrojeni katika mafuta una sauti yake, ambayo wanafizikia huiandika kama 2845 kwa sentimita. Protini ina yake karibu na 2930. Mafuta yasiyokifu, kama yale ya omega-3 yaliyo kwenye samaki, yana sauti ya ziada kwenye 3015, kwa sababu hidrojeni zilizo kando ya muunganiko maradufu wa kaboni mbili zimekazwa tofauti. Kolesteroli ina yake chini kabisa, karibu na 702. Kwa hiyo ukiweza kuzisikia sauti hizo, hutajua tu kwamba hapa pana mafuta. Utajua ni mafuta ya aina gani.

Aliyeonyesha kwamba mwanga unaweza kuzisikia ni C. V. Raman, akiwa Calcutta, India, mwaka 1928. Mwanga ukigonga molekuli, karibu wote unarudi na rangi ile ile uliokuja nayo. Sehemu ndogo mno, kama chembe moja ya mwanga katika milioni 10 ya zile zinazotawanyika, inarudi ikiwa imebadilika rangi kidogo, na tofauti hiyo ni sawasawa na sauti ya molekuli iliyogongwa. Raman na mwanafunzi wake K. S. Krishnan walianza kwa mwanga wa jua, walioukusanya kwa darubini na kuuchuja kwa vioo vya rangi, wakiangalia kwa macho yao. Leza ilikuwa haijazaliwa. Mwaka 1930 Raman alipewa tuzo ya Nobel. Huwa nawatajia wanafunzi wangu habari hii wakati wanaposema kwamba sayansi ya namna hii ni ya nchi tajiri, kwa sababu India ya mwaka 1928 ilikuwa koloni kama sisi.

Ugumu uko kwenye hiyo chembe moja katika milioni 10. Kuchora picha ya kipande kimoja cha tishu kwa njia ya Raman ya kawaida huchukua muda mrefu, wakati mwingine saa kadhaa. Ndipo watafiti wakaja na leza mbili. Ukiwasha leza ya nanomita 797 na nyingine ya nanomita 1031 zikapiga mahali pamoja kwa wakati mmoja, tofauti ya nguvu zao inaangukia karibu na ile 2845. Zinausukuma muunganiko wa mafuta kwa mdundo wake wenyewe, na mwitiko unapanda maradufu kwa maradufu. Palipo na tone la mafuta, leza ya kwanza inapoteza mwanga kidogo na ya pili inaongezeka kidogo. Pasipo na mafuta, hakuna kinachobadilika. Unapima upungufu huo nukta kwa nukta, na picha ya mafuta inajichora. Njia ya kwanza ya leza mbili iliyofaa kwa seli hai ilionyeshwa 1999. Hii niliyoieleza, ambayo kiasi cha mwanga unaopotea kinaendana moja kwa moja na kiasi cha mafuta, ilichapishwa 2008 na kundi la Harvard. Katika kazi ile walionyesha seli hai zikipokea omega-3, kwa kusikiliza 3015.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu njia hii ambalo nililisoma mara mbili kabla sijaamini. Hidrojeni ina ndugu yake mzito, deuteriamu. Ukimpa mnyama au seli chakula ambacho hidrojeni zake zimebadilishwa kuwa deuteriamu, mafuta mapya yanayotengenezwa yatakuwa na muunganiko mzito, na sauti yake inashuka hadi kati ya 2100 na 2200, eneo ambalo vitu vingine vya seli viko kimya. Kwa hiyo unatenganisha mafuta ya jana na ya leo ndani ya seli moja. Oil Red O haina namna ya kulijibu swali hilo.

Madaktari wa upasuaji wa ubongo wamekwisha kuitumia njia hii chumbani mwao. Ubongo una mafuta mengi: ala inayozunguka nyuzi za neva, ukiikausha, zaidi ya theluthi mbili yake ni mafuta. Uvimbe unapoingia, mpangilio huo unavurugika. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 278: kipande kibichi kinawekwa chini ya leza, kompyuta inasoma 2845 na mwenzake wa protini, na jibu linapatikana kabla ya sekunde 150 kuisha, kwa usahihi uliokaribiana sana na ule wa wataalamu wa patholojia waliosoma slaidi za kawaida.

Nirudi kwetu.

Uvimbe wa Burkitt ni saratani ya watoto ninayoifahamu vizuri, kwa sababu tuko ndani ya ukanda wake. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa hospitali ya Mulago, Kampala, aliuandika kwa mara ya kwanza mwaka 1958, na malaria ya mwaka mzima ya huku ziwani ni sehemu ya sababu kwamba tunaupata. Mtoto analetwa taya limevimba, meno yamelegea, na uvimbe unaongezeka karibu unauona. Daktari anachoma sindano, tunapaka seli kwenye kioo, tunatia rangi. Seli zinajitokeza za buluu iliyokolea, na kila moja imetobolewa vijishimo vidogo, safi, vya duara, seli nyingine viwili, nyingine vitano, vikiwa vimekaa ndani ya ile buluu. Kila mwanafunzi wa patholojia hufundishwa kuvitafuta. Vijishimo hivyo vilikuwa matone ya mafuta.

Yaani alama inayotusaidia kuutambua uvimbe huu ni mafuta tuliyoyapoteza tukiitengeneza slaidi. Seli hizi zinagawanyika upesi kuliko karibu saratani nyingine yoyote, na kila seli mpya inahitaji utando wa mafuta kuizunguka. Je, mafuta hayo inayatengeneza yenyewe au inayachukua kwenye damu ya mtoto? Ni mafuta ya kawaida au ni kolesteroli iliyofungwa, yaani iliyounganishwa na asidi ya mafuta? Katika saratani ya tezi dume, mwaka 2014, watafiti waliotumia Raman walikuta matone ya saratani kali yamejaa kolesteroli iliyofungwa, na wakaonyesha kwamba kuzuia ufungaji huo kunapunguza ukuaji wake. Kwa Burkitt, maswali ya namna hiyo yanaweza kuulizwa kwenye seli zile zile tunazozitoa kwa sindano kila mara. Seli ziko hapa. Leza ziko kwingine.

Si Burkitt peke yake. Kifua kikuu: ndani ya mapafu, seli za ulinzi hujaa matone ya mafuta mpaka zikaonekana povu, na bakteria hula mafuta na kolesteroli za mwenyeji wake. Utapiamlo: mtoto mwenye kwashiorkor, miguu imevimba, nywele zimebadilika rangi, ini lake linajaa mafuta wakati mwili unakufa njaa. Hilo linaumiza kulitazama, na halijaisha vijijini kwetu.

Halafu kuna dawa. Shangazi yangu alianza matibabu ya virusi vya ukimwi miaka ile dawa zilipofika Nyanza kwa wingi. Zilimwokoa, alikuwa amebakiza mifupa. Ila mojawapo ilikuwa stavudini, na stavudini huharibu kinasaba cha mitokondria, zile sehemu za seli zinazotengeneza nguvu, na seli za mafuta za usoni, mikononi na miguuni hunyauka. Alikuwa na nguvu, analima, anakwenda soko la Kibuye kuuza, lakini mashavu yalikuwa yameingia ndani na mishipa ya miguu imetokeza. Watu walimsoma uso kabla hajasalimia. “Dawa imenipa uhai, mwanangu,” aliniambia, “lakini imenitangaza.” Shirika la Afya Duniani lilishauri iondolewe mwaka 2009, na hapa nchini iliondolewa hatua kwa hatua. Mashavu ya shangazi hayakurudi yote. Dawa ya sasa, dolutegravir, ni nzuri sana, na baadhi ya wanaoitumia wanaongezeka uzito, hasa wanawake. Kwa hiyo mafuta ya mwili bado ni suala la kliniki zetu kila wiki, na sehemu kubwa ya kipimo chetu ni mizani, ambayo haijui mafuta yamekwenda wapi wala yamekuwa ya aina gani.

Mwanga unaweza kupima hata kupitia ngozi. Mwanga usioonekana wa nanomita 930 hivi, na wa 1210, unamezwa na mafuta kuliko mwanga wa mawimbi ya jirani, na kuna vifaa vinavyotumia tabia hiyo kutafuta mafuta ndani ya mishipa ya moyo, na hata kupima nyama na samaki viwandani. Hapa nina neno la msisitizo. Kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni ni kifaa cha mwanga, na mwaka 2020 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wazungu. Melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, inameza mwanga. Kwenye mawimbi marefu umezaji wake unapungua, na hiyo ni habari njema kwa 1210, lakini kifaa chochote cha kupima mafuta kwa mwanga kinapaswa kurekebishwa kwenye ngozi zetu tangu siku ya kwanza, kabla hakijapangiwa bei. Kisije kwetu kikiwa kimekwisha kukamilika kwingine.

Hadubini ya leza mbili inagharimu mamilioni mengi ya shilingi, na sitegemei kuiona kwenye maabara yangu hivi karibuni. Lakini Raman ya kawaida, ya leza moja, ni jambo jingine. Idara ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Nairobi ina watafiti wanaoitumia kwenye sampuli za mwili. Inakwenda polepole, ndiyo, ila kwa nukta chache ndani ya tone moja inaweza kukuambia kama pana kolesteroli.

Kitu ambacho wao hawana ni tishu. Na tishu yetu yote tunaitia zailini. Ombi langu kwa wenzangu wa Kisumu, Kakamega, Busia na Nakuru ni dogo: biopsi, yaani kile kipande cha tishu kilichotolewa kwa uchunguzi, ikitosha, na mzazi au mgonjwa akieleweshwa kwa lugha yake na akakubali kwa saini, kata kipande kidogo kabla ya fomalini, kigandishe mara moja, kihifadhiwe kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri yenye jenereta. Kisipakwe kitu. Tena kiwekwe juu ya kioo cha kalsiamu floridi ukiweza kukipata, kwa sababu kioo cha kawaida kina kelele zake chini ya leza.

Na kwa wanafunzi wa fizikia wa Maseno, Egerton na Masinde Muliro mnaotafuta mada ya uzamili: mniandikie. Leza ya nanomita 785 inatosha kuanzia, na matone ya Burkitt yana upana wa maikromita chache tu, kwa hiyo njooni na lenzi nzuri.